Ubeti wa mwisho usikatwe

Mhariri,

Huku Kisumu mwimbaji yeyote atokaye ng'ambo ile ya Bahari ya Hindi huitwa Mhindi, na wimbo wake huitwa wa Kihindi. Farida Parveen, aliyefariki mjini Dhaka tarehe 13 Septemba 2025 akiwa na umri wa miaka 70, hakuwa Mhindi na lugha yake haikuwa Kihindi. Alikuwa Mbengali wa Bangladesh, na kwa miaka 50 hivi kazi yake kubwa ilikuwa kuimba tungo za Lalon Shah, fakiri (yaani mtawa mwimbaji) wa wilaya ya Kushtia aliyeaga dunia mwaka 1890. Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua kwa sababu namna alivyojifunza kazi hiyo ndiyo tunayopaswa kuwafundishia vijana wetu nyimbo za akina mama wa Nyanza na Magharibi walio hai leo, nasi hatufanyi hivyo; tena huukata ubeti wa mwisho, ambamo mtunzi hujitaja.

Kibengali huzungumzwa Bangladesh na katika jimbo la West Bengal nchini India. Familia za Kiasia zilizokaa Kisumu tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901 nyingi zina asili ya Gujarat na Punjab, kwa hiyo masikio yetu yalizoea lugha zao pamoja na nyimbo za sinema. Wabengali ni watu wengine, na lugha yao waliifia. Tarehe 21 Februari 1952 waandamanaji, wengi wao wanafunzi, walipigwa risasi mjini Dhaka wakidai Kibengali kitambuliwe na serikali ya Pakistan iliyowatawala. Siku hiyo ndiyo UNESCO iliyoiteua mwaka 1999 kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. Farida Parveen alitunukiwa nishani ya Ekushey Padak mwaka 1987, na neno Ekushey maana yake ni hiyo tarehe 21. Nchi iliyompa mwimbaji wa nyimbo za vijijini nishani yenye jina hilo ilijua inachokisema.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1954 huko Singra, Natore. Mafunzo ya sauti aliyaanza utotoni, na mwaka 1968, akiwa na miaka 13, aliandikishwa katika redio ya Rajshahi kuimba nyimbo za Kazi Nazrul Islam, mshairi ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi wa taifa la Bangladesh. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Nyimbo za Nazrul nyingi zimejengwa juu ya raga, yaani mpangilio maalumu wa sauti, na raga haiimbwi kwa kubahatisha. Mwanafunzi hukaa miezi akipanda na kushuka ngazi ya sauti saba, polepole, mpaka kila sauti ikae mahali pake bila kutetemeka, na mpaka ajue avute pumzi wapi ili neno lisikatike katikati. Kwa hiyo Farida alipofika kwenye nyimbo za fakiri wa kijijini, koo lake lilikuwa tayari limefanyiwa kazi. Anayedhani wimbo wa kiasili ni wa yeyote aliyeshindwa na muziki mwingine asikilize mahali anapovuta pumzi huyu mama.

Mwaka 1973, baada ya uhuru wa Bangladesh, Moksed Ali Shah, mwalimu wa nyimbo za Lalon, alimtaka aimbe wimbo wa Lalon kwenye sherehe ya mwezi mpevu wa Dol huko Kushtia. Alisitasita, na baba yake ndiye aliyemshawishi. Alijifunza wimbo mmoja tu, akauimba, na umma ukampokea. Ndipo akarudi kwa mwalimu kwa wimbo wa pili. Moksed Ali alipofariki aliendelea kwa wazee wengine, wakiwemo Khoda Baksh Shah, Behal Shah, Yasin Shah na Karim Shah.

Kwa nini walimu wengi? Kwa sababu Lalon hakuziandika tungo zake. Aliimba, na wanafunzi wake ndio walioshika kalamu. Mshairi Rabindranath Tagore alichapisha nyimbo 20 za Lalon katika jarida la Prabasi mwaka 1915, lakini nyingi zilibaki vinywani na katika madaftari ya wafuasi. Wimbo mmoja unaweza kuwa na neno hili kwa mzee huyu na neno lile kwa mzee yule. Mwenye kujifunza kwa mtu mmoja hubeba pia makosa ya mtu mmoja. Mwenye kujifunza kwa watatu au wanne husikia panapotofautiana, akauliza maana, na jibu la mzee mara nyingi lina thamani kuliko neno lenyewe.

Chukua wimbo wa Lalon uliojulikana kuliko zote, ule wa ndege asiyejulikana anayeingia na kutoka tunduni. Tundu lile lina vyumba vinane na milango tisa. Asiyefundishwa ataimba kana kwamba ni hadithi ya ndege. Aliyefundishwa anajua kuwa tundu ni mwili wa binadamu na milango tisa ni nafasi zake zilizo wazi: macho mawili, masikio mawili, matundu mawili ya pua, mdomo, na njia mbili za chini. Ndege ni roho. Ukishajua hivyo huwezi kuuimba kwa haraka ya harusi, wala huwezi kuweka mkazo kwenye neno "ndege" ukaliacha neno "asiyejulikana". Maana ndiyo inayoongoza mwendo wa wimbo. Hili halisomeki kwenye kanda. Huambiwa mtu ana kwa ana.

Tuje kwenye ala, maana hapa watu wa ziwa watajitambua. Fakiri wa Bengal huimba na ektara, ala ya uzi mmoja. Chini ni kibuyu, kifuu cha nazi au kopo la mti lililofunikwa ngozi. Ubavuni huinuka miguu miwili ya mwanzi uliopasuliwa, inayokutana juu penye kigingi. Uzi hutoka katikati ya ngozi mpaka kwenye kigingi. Kidole cha shahada hudonoa uzi, na mkono ukibana ile miguu ya mwanzi uzi hulegea kidogo, sauti ikazama. Kiunoni wengine hufunga kingoma kidogo kiitwacho duggi, na kwenye kifundo cha mguu njuga. Mtu mmoja ni mwimbaji, mpiga uzi na mpiga ngoma. Sasa mtazame mpigaji wa nyatiti wa Siaya: nyuzi nane, njuga za gara mguuni, na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa ala. Watu hawa hawakuonana kamwe, lakini wote wawili waliona kuwa anayesimulia kwa wimbo anahitaji kuushika mwendo kwa mwili wake mwenyewe.

Hata matatizo yao ni mamoja. Hewa yenye unyevu hulegeza ngozi, na kwa kuwa uzi umeegemea ngozi, sauti hushuka katikati ya wimbo. Dawa ni kuianika ngozi juani au kuiweka karibu na moto wa makaa kabla ya kuanza, kisha kukaza uzi baada ya ngozi kupata joto. Ukitangulia kukaza uzi, ngozi ikakauka baadaye, uzi hupanda na pengine hukatika. Nyuzi za nailoni za wavuvi, zilizochukua nafasi ya mishipa ya ng'ombe kwenye nyatiti, nazo hunyooka zikiwa mpya. Zifunge siku moja au mbili mapema, uzikaze mara kadhaa, ndipo uende kurekodi.

Kilichozidhoofisha nyimbo za Bengal majukwaani ni hamoniamu, kile kinanda cha upepo ambacho wasikilizaji wa taarabu ya pwani wanakijua. Ni ala nzuri kwa kufundishia sauti, lakini vitufe vyake vina sauti zisizosogea, ilhali wimbo wa fakiri huteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Mwimbaji akikifuata kinanda, mtelezo hufa. Akiteleza peke yake, husikika kana kwamba amekosea. Farida Parveen aliimba mara nyingi na filimbi ya mwanzi ya mumewe, Gazi Abdul Hakim, na filimbi inaweza kumfuata popote sauti inapoteleza. Kwetu hamoniamu hiyo ni kinanda cha umeme. Orutu ina uzi mmoja na upinde, kidole kinasogea bila mpaka, na ndiyo maana hulia kama mtu. Kukiweka kinanda mahali pa orutu kwenye wimbo wa matanga ni kuufanya uongee bila kulia. Tunawasihi maprodyusa waliache jambo hilo.

Wapo wasikilizaji wa Kushtia wanaopenda zaidi sauti kavu za fakiri wa kwenye makao ya Lalon, kule Chheuriya, kuliko sauti laini ya Farida iliyopita redioni. Wana hoja. Sauti iliyosomeshwa husafisha, na katika kusafisha kitu fulani cha vumbi la njia hupotea. Lakini bila yeye, wengi walioko mbali na Kushtia wasingejua kuwa nyimbo hizo zipo. Sisi tunaona pande zote mbili zirekodiwe: mzee kwa sauti yake kama ilivyo, na kijana aliyefundishwa na mzee huyo.

Tuzo nyingine tuzitaje kwa ufupi: tuzo ya taifa ya filamu ya mwaka 1993 kwa uimbaji, na Tuzo ya Fukuoka ya Japani mwaka 2008 katika sanaa na utamaduni. Lililo kubwa kuliko hizo, kwa maoni yetu, ni shule yake ya muziki mjini Dhaka aliyoipa jina la yule ndege asiyejulikana, ambako watoto hufundishwa nyimbo pamoja na ala.

Mhariri, sasa ubeti wa mwisho. Katika tungo za Lalon, mtunzi hujitaja mwishoni: Lalon asema hivi, na mara nyingi humtaja pia mwalimu wake, Siraj. Ni kama watunzi wetu wa tenzi walivyozoea kujitaja, au kutaja idadi ya beti na mwaka, wakifika tamati. Ubeti huo ndio hati ya mwenye wimbo, na mara nyingi ndio wenye jibu la fumbo lililotangulia. Kwa Wajaluo kazi inayofanana na hiyo hufanywa na pakruok. Msikilizaji humsimamisha mpigaji, hutoa chochote, kisha hujisifu au humsifu mtu kwa ukoo na kwa mahali pake. Mgeni hudhani ni usumbufu. Kumbe hapo ndipo wimbo unapoandikwa ni wa nani, uliimbwa wapi na mbele ya nani.

Mashine ndizo zilizoanza kukata. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu. Santuri za benga nazo ziliugawa wimbo, sehemu ya kwanza mbele na ya pili nyuma. Wakati ule hapakuwa na njia nyingine. Leo faili halina ukingo, lakini studio zetu na vituo vyetu vya redio bado hufifisha wimbo dakika ya tatu au ya nne, na pakruok ndiyo huondolewa kwanza eti ni maneno tu. Wimbo ukishakatwa hapo hauna mwenyewe, na kwenye orodha huandikwa "wa jadi". Aliyeutunga anaweza kuwa mama anayeuza omena ufukweni Dunga.

Nyimbo za dodo za akina mama wa Kijaluo zimo hatarini kuliko nyatiti, kwa sababu hazina ala ya kuwekwa kwenye makumbusho. Ni sauti, kayamba au njuga, na kumbukumbu. Ogoya Nengo wa Rang'ala, Siaya, alipata bahati ya kurekodiwa, na albamu iliyotoka mwaka 2014 imeitwa kwa jina la kijiji chake. Wangapi wa rika lake hawakufikiwa? Kwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ngoma ya isukuti iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na mila za mwamba mtakatifu wa Kit Mikayi zikafuata mwaka 2019. Nyimbo za Wabaul, waimbaji wa kiroho wa Bangladesh, ukoo mmoja na za Lalon, zilitangazwa na UNESCO mwaka 2005. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na watu kama Farida Parveen walioanza kazi zaidi ya miaka 30 kabla ya tangazo. Orodha haiimbi.

Kwa walimu, wanafunzi na wanahabari wanaotaka kurekodi, haya ndiyo tunayoyaona yakiharibika kila mara. La kwanza ni mahali. Nyumba ya mabati hurudisha mwangwi, na jua likipanda mabati hulia tap tap. Rekodi asubuhi mapema, chini ya mwembe, kabla bodaboda hazijaanza. Upepo wa ziwa huanza baadaye mchana na huvuma moja kwa moja kwenye maikrofoni, kwa hiyo ivishe sponji. Simu iweke kwenye hali ya ndegeni, la sivyo mlio wa ujumbe utakaa ndani ya wimbo milele. Chagua faili ya WAV ya 48 kHz na biti 24: dakika moja ya stereo hula karibu MB 17, saa moja kama GB 1. Usiitume kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida, maana hubanwa na baadhi ya undani wa sauti hupotea. Kilele cha sauti kikae karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kinasa sauti. Mama akipaza sauti kwenye kiitikio ghafla, ukiwa umeweka juu zaidi, sauti hupasuka na studio haiwezi kuirejesha kikamilifu.

Maikrofoni iwe sentimita 30 hadi 45 kutoka kinywani. Kwa nyatiti, stendi isimame juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, kwani kishindo cha mguu hupita sakafuni na kupanda kwenye chuma. Kwa dodo wapange akina mama nusu duara, kiongozi mbele hatua moja. Ukiwapanga mstari, waitikiaji wa pembeni hawatasikika.

Kabla ya wimbo, mwimbaji aseme jina lake, mahali, tarehe, na nani alimfundisha. Kisha aimbe mpaka amalize mwenyewe. Usimpungie mkono. Baada ya hapo aseme maneno bila kuimba, polepole, nawe uyaandike kwa lugha yake na kupiga mstari chini ya kila neno usilolijua, umuulize siku hiyohiyo. Neno la kale lililoachwa kwa "nitarudi wiki ijayo" ndilo huzikwa na mwenyewe. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya nyumba hiyo, na moja arudishiwe mwimbaji. Hili la mwisho wengi hulisahau, kisha hushangaa wakifungiwa mlango mara ya pili.

Kuhusu haki, Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazitaka serikali za kaunti ziweke rejista. Rejista bila maneno kamili ya wimbo na bila jina la aliyeuimba haimlindi mtu. Tunawaomba maafisa wa utamaduni wa Kisumu, Siaya, Kakamega na Nakuru wakubali rekodi za walimu wa shule ziingie humo, zikiwa zimefanywa kwa utaratibu huo. Na kwenye tamasha za muziki za shule, ambako kundi lina dakika chache jukwaani, waamuzi wadai maneno kamili kwa maandishi hata kama jukwaani zimeimbwa beti tatu.

Nawe, Mhariri, tuna ombi kwako. Mama mwimbaji akiimba kwenye mkutano wa kiongozi, gazeti huchapisha picha yake na kuandika "watumbuizaji". Mwandishi wako amuulize jina, na amuulize ubeti wa mwisho unasemaje. Ukitupa robo ukurasa kila wiki, tutaleta wimbo mmoja mzima, maneno ya Kidholuo au Kiluhya upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, jina la mwimbaji na la mwalimu wake yakiwa juu.

Walimu wa muziki na warekodi wa nyimbo za kiasili,
Kisumu